Tokeni ya Sesheni Isiyotabirika

Itifaki ya HTTP haina kumbukumbu. Kila ombi linalofika kwenye seva yako linafika kama mgeni: seva haijui kwamba dakika moja iliyopita mtu huyuhuyu aliandika jina na nenosiri lake, akakubaliwa. Ndiyo maana mwaka 1994 Lou Montulli, akiwa Netscape, alibuni kidakuzi, yaani maandishi mafupi ambayo seva humpa mtumiaji na kivinjari chake huyarudisha katika kila ombi linalofuata. Ndani ya kidakuzi hicho ndimo inamokaa tokeni ya sesheni. Tangu mtu anapoingia hadi anapotoka, seva haimuulizi tena nenosiri. Inamuuliza tokeni tu. Aliyenayo ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye akaunti.

Unaweza kumlazimisha mtumiaji achague nenosiri la herufi 14, ukamtumia na namba ya uthibitisho kwa SMS, ukahakikisha mawasiliano yote yamesimbwa. Kama tokeni unayompa baada ya hayo yote inaweza kukisiwa, mshambuliaji hana haja ya kugusa hata moja ya kinga hizo. Anakisia tokeni, anaiweka kwenye kivinjari chake, na seva yako inamkaribisha kwa jina la mtu mwingine.

Mwongozo huu ni kwa anayejenga mfumo kwa mikono yake: wa ada za shule, wa kikundi cha kuweka na kukopa, wa zahanati. Mifano mingi ni ya PHP kwa sababu ndiyo inayopatikana karibu katika kila huduma ya bei nafuu ya kuhifadhi tovuti. Kanuni zenyewe hazibadiliki ukihamia lugha nyingine.

Kutorudiwa hakutoshi

Tokeni inadaiwa sifa mbili. Ya kwanza, isifanane na ya mtu mwingine, kwa kuwa zikifanana Asha atafungua ukurasa akute salio la Juma. Ya pili, asiyepewa asiweze kuipata kwa kukisia. Wengi tunapoandika msimbo tunahangaikia ile ya kwanza, maana kosa lake linaonekana upesi na watumiaji wanapiga simu kulalamika. Kosa la pili halipigiwi simu na mtu. Mfumo unafanya kazi, kila mmoja anaona akaunti yake, na miezi inapita.

Namba zinazoongezeka moja moja kwenye hifadhidata hazirudiwi kamwe, lakini mtoto wa shule anaweza kuitaja inayofuata. Wachache wanaziweka kama tokeni siku hizi. Wapo wengi, hata hivyo, wanaotumia uniqid() ya PHP na kuamini kuwa wamemaliza kazi. Tuifungue tuone kilichomo.

Sema mtumiaji ameingia, na seva ikampa 6593b4704e20a. Ni herufi 13 zinazoonekana kama zimeokotwa ovyo. Zigawe sehemu mbili. Nane za mwanzo, 6593b470, ni namba iliyoandikwa kwa mfumo wa tarakimu 16. Ukiigeuza kuwa namba ya kawaida unapata 1704178800. Hiyo ni idadi ya sekunde zilizopita tangu mwanzo wa Januari 1, 1970 kwa saa za dunia, na inaangukia saa 4 kamili asubuhi ya Jumanne, Januari 2, 2024, kwa saa za Afrika Mashariki. Tano za mwisho, 4e20a, ni 320010, yaani mikrosekunde zilizopita ndani ya sekunde hiyo. Hakuna kingine humo. Tokeni nzima ni saa na tarehe iliyoandikwa kwa tarakimu nyingine.

Anayejua sekunde ambayo mtu ameingia amebakiza kukisia mikrosekunde, nazo hazizidi milioni moja. Sekunde yenyewe si siri: seva nyingi huitaja katika kila jibu, kwenye kichwa cha habari kiitwacho Date, na baadhi ya mifumo huonyesha wazi lini mtu alionekana mara ya mwisho. Kwa maombi 1,000 kwa sekunde, milioni hiyo inaisha kwa chini ya dakika 17. Maelezo rasmi ya PHP yenyewe yanaonya kwamba funksheni hii isitumike kwa mambo ya usalama.

Kuipitisha ndani ya md5() hakusaidii, ingawa ndiyo dawa inayokimbiliwa zaidi. Ni kweli md5(uniqid()) inatoa herufi 32 zinazotisha kwa macho. Lakini mshambuliaji naye anayo md5(). Anaandaa mikrosekunde zote milioni, anazipitisha kwenye kanuni ileile, na kazi hiyo kwenye kompyuta ya kawaida ni ya sekunde chache. Urefu umeongezeka, idadi ya majibu yanayowezekana imebaki palepale. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeunganisha barua pepe ya mtumiaji na saa ya sasa kisha akapiga md5 juu yake.

Namba zinazoonekana nasibu

Hatua inayofuata kwa wengi ni rand() au mt_rand() katika PHP, moduli ya random katika Python, Math.random() katika JavaScript. Zote hizi zilitengenezwa kwa ajili ya michezo, takwimu na uigaji wa matukio, na huko zinafanya kazi vizuri. mt_rand() na random ya Python zinatumia kanuni ya Mersenne Twister, iliyochapishwa mwaka 1998 na Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura. Namba zake zimetawanyika vizuri na zinafaulu mitihani mingi ya takwimu. Hata hivyo hali yake ya ndani ni namba 624 za biti 32 tu. Anayepata matokeo 624 kamili yanayofuatana anaweza kuijenga upya hali hiyo yote na kuanza kutaja namba zijazo kabla seva haijazitoa. Katika PHP kuna njia fupi zaidi: kanuni hiyo inaanzishwa kwa mbegu ya biti 32, maana yake mbegu zote zinazowezekana ni bilioni 4.3 hivi, na kompyuta moja inazijaribu zote kwa dakika chache. Math.random() ya Chrome na Node hali yake ni biti 128, na matokeo machache tu yanatosha kuifichua.

Kwa hiyo huwezi kupima usalama wa tokeni kwa kuitazama, wala kwa kutengeneza elfu kumi na kuona kama zinajirudia. Swali ni moja: namba hii imetoka wapi?

Swali hilo liliwaponyoka hata mafundi wakubwa. Mwaka 1995 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Ian Goldberg na David Wagner, walichunguza kivinjari cha Netscape, ambacho wakati huo ndicho kilichokuwa kikibeba biashara changa ya intaneti. Kanuni yake ya usimbaji haikuwa tatizo. Lakini mbegu ya namba zake za siri ilitokana na saa, namba ya mchakato wa kompyuta na namba ya mchakato mzazi. Vitu hivyo vitatu vinakisika, na kwa hiyo funguo zake zilikisika. Miaka 11 baadaye, mwaka 2006, marekebisho madogo yaliyofanywa kwenye maktaba ya OpenSSL ndani ya mfumo wa Debian, kwa nia njema ya kunyamazisha onyo la zana ya ukaguzi, yaliondoa karibu chanzo chote cha nasibu. Kilichobaki ni namba ya mchakato, isiyozidi 32,768. Kosa hilo liligunduliwa na Luciano Bello na kutangazwa Mei 2008, na kwa muda wote huo seva zilikuwa zikitengeneza funguo ambazo mtu angeweza kuziorodhesha zote kwenye faili moja.

Chota kwenye mfumo endeshi

Kompyuta yako ina sehemu moja inayojua mambo yasiyojulikana na mtu wa nje: kiini cha mfumo endeshi. Kinaona ni nanosekunde ipi pakiti ya mtandao imefika, diski imejibu lini, na kwenye vichakato vingi vya leo kinapata pia namba kutoka kwenye saketi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kinavichanganya vyote na kuvipitisha kwenye kanuni ya usimbaji, ili aliyeona matokeo ya jana asiweze kukokotoa ya kesho. Kwenye Linux mlango wake ni /dev/urandom, na tangu toleo la 3.17 la mwaka 2014 kuna pia getrandom(), ambayo mashine inapowashwa husubiri kwanza hadi kiini kiwe kimekusanya nasibu ya kutosha.

Huna haja ya kuuita mlango huo mwenyewe. Tangu PHP 7.0 unaandika hivi:

$tokeni = bin2hex(random_bytes(32));

Katika Python, tangu toleo la 3.6:

tokeni = secrets.token_urlsafe(32)

Katika Node ni crypto.randomBytes(32).toString('hex'). Katika Java ni SecureRandom, si Random. Katika Go ni kifurushi cha crypto/rand, si math/rand. Majina haya mawili yanafanana kiasi kwamba inafaa uangalie mstari wa juu wa faili kila unapokagua msimbo wa mwenzako.

Hii ni sehemu ambayo msimbo mfupi ndio bora. Usiongeze saa, wala namba ya mtumiaji, wala chumvi ya kubuni, kwa imani kwamba unaimarisha. Na random_bytes() ikishindwa, hutoa hitilafu na kusimama. Iache isimame. Nimeona msimbo unaoikamata hitilafu hiyo na kurudi kimyakimya kwenye mt_rand() ili mtumiaji asisumbuke; mfumo wa namna hiyo unakuwa dhaifu siku ambayo hakuna anayejua kuwa umedhoofika.

Kama unatumia fremuweki kama Laravel au Django, au hata session_start() ya PHP ya leo, kazi hii tayari imefanywa, na imefanywa vizuri. Ushauri wangu ni uiache ilivyo. Andika tokeni yako mwenyewe pale tu ambapo hakuna iliyopo: kiungo cha kubadili nenosiri, mwaliko wa mwanachama mpya, ufunguo wa programu ya simu. Na hapo ndipo penye hatari zaidi, kwa sababu mtu anayeiamini fremuweki kwa kuingia anajitungia mwenyewe kiungo cha kubadili nenosiri kwa uniqid().

Urefu

Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, unataka siri ya sesheni isipungue biti 64. Mimi nakushauri usishuke chini ya 128, yaani baiti 16, na ukiweka baiti 32 hutapoteza kitu. Kwa biti 128, hata kama una sesheni bilioni moja zilizo hai na mtu anakisia mara bilioni kwa sekunde, atangoja kwa wastani zaidi ya miaka trilioni 10 kabla ya kupata moja. Suala la kurudiwa nalo linakuwa limejibiwa papo hapo: ukitengeneza tokeni bilioni moja za urefu huo, uwezekano wa mbili kufanana ni mdogo kuliko uwezekano wa diski yako kuharibika wakati unasoma sentensi hii. Weka tu sharti la kutorudiwa kwenye safu ya hifadhidata, kwa kuwa halina gharama, na uendelee na mambo mengine.

Hesabu biti, usihesabu herufi. Herufi moja ya tarakimu 16 hubeba biti 4, kwa hiyo baiti 32 zinatoa herufi 64. Kwa maandishi ya base64 ya anwani za tovuti zinatoa 43. Anayekata tokeni ya tarakimu 16 ibaki na herufi 8 ili ionekane nadhifu amebaki na biti 32. Namba ya tarakimu 6 inayotumwa kwa SMS ina uwezekano milioni moja tu. Inafaa kwa sababu inakufa baada ya dakika chache na baada ya majaribio machache. Haifai kabisa kuwa sesheni. Kuhusu UUID, toleo la 4 lina biti 122 nasibu na linatosha endapo maktaba yako inachota kwenye mfumo endeshi. Toleo la 1 lina saa ndani yake. Waraka wa RFC 4122 wa mwaka 2005 wenyewe ulikataza kuchukulia kwamba UUID ni ngumu kukisia.

Kama ni lazima utunge tokeni kutokana na herufi na tarakimu 62, usichukue baiti na kuigawa kwa 62 ili utumie baki. Baiti ina thamani 256, na 256 ni mara nne ya 62 pamoja na 8 zinazobaki. Hivyo herufi nane za kwanza zitatokea mara tano kwa kila mara nne za nyingine. Tumia random_int(0, 61), ambayo imelishughulikia hilo.

Njiani kwenda kwa mtumiaji

Tokeni nzuri inaweza kuibwa bila kukisiwa. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa nyongeza ya Firefox iitwayo Firesheep: ukikaa na kompyuta kwenye Wi-Fi ya wazi, ilikuonyesha majina ya waliokuzunguka, na kwa kubofya jina ukaingia kwenye akaunti ya mtu kwenye mitandao maarufu. Haikukisia chochote. Ilisoma vidakuzi vilivyokuwa vikipita hewani bila kusimbwa. Kwa hiyo HTTPS iwe kwenye kurasa zote, si ukurasa wa kuingia peke yake, na kidakuzi kitumwe hivi:

Set-Cookie: __Host-sesheni=...; Path=/; Secure; HttpOnly; SameSite=Lax

Secure inakizuia kusafiri bila usimbaji. HttpOnly inakificha kwa JavaScript, ili msimbo mbaya uliopenyezwa kwenye ukurasa wako usikisome. Kwa sababu hiyohiyo usiweke tokeni ya sesheni kwenye localStorage, ambayo kila hati ya JavaScript kwenye ukurasa inaisoma. SameSite inapunguza maombi yanayotumwa kwa siri kutoka tovuti nyingine. Kiambishi __Host- kinakifunga kidakuzi kwa jina lako la tovuti pekee, jambo muhimu kama kikoa kikuu kina vijitovuti vya idara mbalimbali visivyosimamiwa na mtu mmoja.

Kamwe usiweke tokeni ya sesheni kwenye anwani ya ukurasa. Watu hunakili anwani na kuituma kwenye kundi la WhatsApp wakitaka wenzao waone tangazo, na kumbe wanagawa akaunti yao. Anwani hubaki pia kwenye historia ya kivinjari na kwenye kumbukumbu za seva.

Mtu anapoingia, mpe mpya

Mwaka 2002 Mitja Kolšek wa kampuni ya ACROS ya Slovenia alieleza shambulio ambalo halihitaji kukisia wala kuiba. Mshambuliaji anajipatia tokeni halali akiwa mgeni asiyeingia, anafanya hila mwathiriwa aitumie hiyohiyo, kisha anasubiri. Mwathiriwa akiingia kwa nenosiri lake, tokeni inayojulikana na wawili inapata hadhi ya akaunti. Kinga yake ni mstari mmoja mara tu nenosiri linapokubaliwa: session_regenerate_id(true) kwa PHP, au $request->session()->regenerate() kwa Laravel; Django hufanya hivyo yenyewe kupitia login(). Katika php.ini washa pia session.use_strict_mode, kwa sababu kwa kawaida imezimwa, na ikizimwa PHP hukubali tokeni ambayo haikuitoa yenyewe.

Kwenye hifadhidata

Usihifadhi tokeni yenyewe. Hifadhi heshi yake ya SHA-256, na ombi likija, piga heshi ya tokeni iliyoletwa kisha tafuta hiyo. Nakala ya akiba ya hifadhidata ikivuja, atakayeipata hataweza kuingia kwa yeyote. Hapa huhitaji bcrypt wala kanuni nyingine ya polepole; hizo ni za manenosiri, ambayo watu huyachagua kwa majina ya watoto na miaka ya kuzaliwa. Tokeni ya biti 256 haina udhaifu huo. Ukilazimika kulinganisha tokeni mbili moja kwa moja, tumia hash_equals() au hmac.compare_digest(), ambazo hazifichui kwa muda wa kujibu ni herufi ngapi zimelingana.

Hatari ya tokeni kuibwa si ya kufikirika. Septemba 2018 Facebook ilitangaza kwamba wavamizi walichukua tokeni za watumiaji kupitia kasoro ya kipengele cha kutazama wasifu kwa macho ya mtu mwingine. Baada ya uchunguzi kampuni ilitaja akaunti zipatazo milioni 30. Nenosiri la mtu halikuhitajika. Dawa ya kwanza ilikuwa kufuta tokeni hizo upande wa seva na kuwataka watu waingie upya, na iliwezekana kwa sababu seva ilikuwa na uwezo wa kuzifuta.

Nawe uwe na uwezo huo. Mtu akibofya "Toka", futa rekodi kwenye seva, si kidakuzi peke yake. Akibadili nenosiri, futa sesheni zake zote nyingine. Weka pia ukomo wa muda wa kukaa bila kufanya kitu, na uwe mfupi ikiwa watumiaji wako wanaingilia kwenye kompyuta za steshenari na mikahawa ya intaneti, ambako mteja anayefuata hukaa kwenye kiti kikiwa bado na joto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinamwajibisha anayetunza taarifa za watu azilinde, na udogo wa mfumo wako hauwapunguzii thamani walioandikwa ndani yake.

Sasa fungua mradi wako na utafute maneno haya katika faili zote: rand(, uniqid(, md5(time, Math.random. Si kila utakapoyakuta pana kosa. Kuchagua picha ya kuonyesha kwa mt_rand() hakuna ubaya. Lakini ukikuta lolote kati ya hayo kwenye njia ya kuingia, ya kubadili nenosiri au ya kumwalika mwanachama, libadilishe leo, kisha futa sesheni na viungo vyote vilivyotolewa kabla, ili kila mtu aanze na tokeni mpya.